Kuchagua tyuna ya TV ya kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia antena hadi kurekodi

Mtu amenunua tyuna ndogo ya USB, yaani kifaa cha kupokelea matangazo ya TV kwenye kompyuta, imeandikwa "TV ya dijitali" kwa herufi kubwa. Anaichomeka, anaweka draiva (programu ya kuiendesha), anaunganisha antena, kisha anabonyeza kitufe cha kutafuta chaneli. Mstari unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa masafa, na jibu linakuja: chaneli 0. Anahamisha antena dirishani, anarudia. Sifuri tena. Mara nyingi tyuna hiyo ni nzima kabisa, na antena haina tatizo. Kilichotokea ni kwamba tyuna imetengenezwa kwa mfumo mmoja, na matangazo ya pale alipo yanarushwa kwa mfumo mwingine.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia angani. Ukishajua kinachorushwa unapoishi, tyuna zinazokufaa hubaki chache, na kuchagua kunakuwa rahisi.

Hatua ya 1: Jua mfumo wa matangazo ya unakoishi

Matangazo ya ardhini, yaani yale yanayonaswa kwa antena ya kawaida, yana familia nne kubwa duniani. DVB-T na mrithi wake DVB-T2 zinatumika Ulaya, sehemu kubwa ya Afrika na nchi nyingi za Asia. ATSC ni ya Marekani, Kanada, Meksiko na Korea Kusini. ISDB-T ilizaliwa Japani, ikaboreshwa Brazili na kuenea nchi nyingi za Amerika Kusini. Afrika utaikuta Botswana. China ina mfumo wake, DTMB. Tyuna ya familia moja haisomi familia nyingine, na hakuna programu itakayoifundisha. Kazi ya kufasiri mawimbi inafanywa na chipu iliyomo ndani, nayo ilitoka kiwandani ikijua inachojua.

Mtego mkubwa uko ndani ya familia ya kwanza. DVB-T ilitoka mwaka 1997 na DVB-T2 mwaka 2009. Majina yanafanana kiasi kwamba watu hudhani ni toleo la kawaida na toleo bora la kitu kilekile. Kwa chipu, hizi ni lugha mbili. DVB-T2 inatumia njia nyingine kabisa ya kurekebisha makosa ya mawimbi na inabana data nyingi zaidi: kwenye mkondo wa megahezi 8, DVB-T hufika takriban megabiti 31 kwa sekunde, DVB-T2 hukaribia 50. Tyuna ya T2 kwa kawaida husoma na T pia. Ile ya T haisomi T2 hata kidogo.

Kwa hiyo soma boksi herufi kwa herufi. Kama limeandikwa "DVB-T" bila ile 2, amini kwamba hakuna 2. Kuna chipu moja hasa ya kuwa nayo macho: RTL2832U ya Realtek. Imo kwenye tyuna nyingi ndogo za bei nafuu, na ikiwa peke yake ni ya DVB-T tu. Wapenzi wa redio wanaipenda sana, kwa sababu mwaka 2012 iligundulika kwamba inaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha redio cha masafa mapana kwa kutumia programu tu. Kwa kazi hiyo ni lulu. Kwa kutazama matangazo ya T2, haitakusaidia.

Utajuaje mfumo wa mahali ulipo? Njia ya haraka ni kutafuta runinga au king'amuzi cha antena kinachofanya kazi jirani, kisha uingie kwenye menyu yake ya taarifa za mawimbi. Hapo utaona jina la mfumo, masafa na upana wa mkondo: megahezi 6, 7 au 8. Viandike vyote, utavihitaji baadaye. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi na kampuni zenye mitambo ya kurushia pia huchapisha taarifa hizi.

Na kama umeonyeshwa kadi ya zamani ya analojia iliyotumika, iache. Chini ya makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2006, Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilipangiwa tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia, na Marekani ilishazima vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009. Kadi ya namna hiyo ina faida moja iliyobaki, nayo ni nzuri: ukiwa na kanda za VHS za harusi au za wazee waliotangulia, tundu lake la AV litakusaidia kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza.

Hatua ya 2: Antena, dishi au kebo, na je, chaneli zako zimefungwa?

Anayetumia dishi anahitaji tyuna ya DVB-S2. Wa kebo anahitaji DVB-C, au mfumo wa kebo wa nchi yake. Zipo tyuna zinazochanganya T2 na C kwenye kifaa kimoja, na hizo hazina gharama ya ziada kiufundi, hivyo ukiipata usihofu.

Kwa dishi kuna jambo la umeme. Ile LNB, kichwa cha kupokelea mawimbi kilicho mbele ya dishi, inalishwa na tyuna kupitia waya uleule unaoleta mawimbi: volti 13 kwa mkao mmoja wa mawimbi, volti 18 kwa mwingine, pamoja na mlio wa kilohezi 22 wa kubadili bendi. Tundu la USB linatoa volti 5 tu. Ndiyo sababu tyuna nyingi za dishi za USB huja na adapta yake ya umeme. Ukiletewa iliyotumika bila adapta, uliza adapta iko wapi kabla hujalipa.

Sasa swali ambalo ningetaka kila mtu ajiulize mapema: chaneli unazotaka ni za bure au za kulipia? Tyuna inaleta mkondo wa data hadi kwenye kompyuta, lakini haileti ufunguo. Chaneli ya kulipia itaonekana kwenye orodha, jina lake na ratiba yake vitakuwepo, na ukiifungua utakuta kioo cheusi. Zipo tyuna zenye nafasi ya moduli ya CAM (kifaa kidogo cha kufungulia chaneli za kulipia) na kadi, na kwa baadhi ya watoa huduma zinafanya kazi vizuri. Wengine wamefunga kadi zao zisifanye kazi nje ya king'amuzi chao wenyewe. Muulize mtoa huduma waziwazi kama anaruhusu CAM. Akikataa, na karibu kila unachotaka kutazama ni cha kwake, tyuna haitakufaa. Hata kifaa cha kunasa picha ya HDMI kutoka kwenye king'amuzi mara nyingi huzuiwa na HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili. Heri kulijua hilo leo kuliko baada ya kununua.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Kuna njia tatu za kuunganisha tyuna na kompyuta.

Ya USB ndiyo ya wengi. Inahamishika, inafaa kompyuta mpakato, na haihitaji kufungua chochote. Usibabaishwe na maandishi ya "USB 3.0" kwenye boksi. USB 2.0 inabeba hadi megabiti 480 kwa sekunde, na mkondo mzima wa DVB-T2 haufiki hata 60. Kasi ya ziada haina kazi ya kufanya hapo.

Jambo muhimu kwa USB ni joto na kelele za umeme. Tyuna ndogo ikifanya kazi saa moja inapata moto wa kushtua mkononi, na ikiwa imechomekwa moja kwa moja ubavuni mwa kompyuta inapokea pia joto la kompyuta pamoja na kelele za mitambo iliyomo ndani. Nimeona picha ikivunjikavunjika kuwa vigae kila diski ya nje ilipoanza kunakili mafaili kwenye tundu la jirani. Kunakili kukiisha, picha inatulia. Dawa yake ilikuwa waya wa USB wa kurefushia, kama sentimita 50 hivi, uliotosha kuiondoa tyuna ubavuni mwa kompyuta na kuiweka kando ikining'inia hewani. Waya huo huo unaokoa tundu la kompyuta lisilegezwe na uzito wa kebo ya antena. Ninaununua pamoja na tyuna kila mara.

Kadi ya PCI Express, inayochomekwa ndani ya kompyuta, ni ya kompyuta ya mezani inayokaa sehemu moja. Haipati shida ya tundu kulegea, na nyingi zina tyuna mbili au nne kwenye kadi moja. Kama unataka kompyuta irekodi usiku na mchana, hii ndiyo ningeichagua.

Ya tatu ni tyuna ya mtandao, mfano HDHomeRun ya SiliconDust au vifaa vya SAT>IP vya dishi. Hii haiunganishwi na kompyuta kabisa. Unaiweka karibu na antena ilipo, unaichomeka kwenye ruta, na kila kompyuta, simu na runinga ya nyumbani inaipata kupitia mtandao. Suala la draiva linapungua mno. Ila iunganishe na ruta kwa waya, kwa sababu chaneli mbili tatu za HD kupitia Wi-Fi dhaifu huanza kukwama.

Hatua ya 4: Chipu na draiva, mahali ambapo wengi huumia

Jina lililoandikwa juu ya tyuna lina uzito mdogo kuliko chipu iliyo ndani. Watengenezaji hubadili chipu bila kubadili jina. Model ileile inaweza kuwa na toleo la 1, la 2 na la 3, na kila moja ikahitaji draiva tofauti. Kwa hiyo unapouliza au kutafuta maoni ya watu, taja namba ya toleo, si jina peke yake.

Kwenye Windows, tafuta tyuna yenye draiva za BDA. Huo ndio mpangilio unaoziwezesha programu mbalimbali kuzungumza na tyuna moja. Tyuna isiyo na BDA inakufunga kwenye programu iliyokuja nayo kwenye CD, na siku mtengenezaji akiacha kuihudumia, umebaki na kipande cha plastiki. Kumbuka pia kwamba Windows Media Center, iliyokuwa ikitumiwa na wengi, iliondolewa kuanzia Windows 10 mwaka 2015. Boksi linaloitangaza hiyo kama sifa yake kuu limekaa dukani muda mrefu.

Kwenye Linux hali ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi uchague vizuri. Draiva nyingi zimo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux. Tyuna za T2 zenye chipu za Silicon Labs, kama Si2168, zina historia nzuri huko. Ukishaichomeka, fungua dirisha la amri, andika lsusb uone namba yake ya utambulisho, kisha dmesg usome keneli imesema nini. Kama mstari wa mwisho unalalamika kwamba faili la fimuwea (programu ya ndani ya tyuna) halikupatikana, usikate tamaa. Litafute faili hilo kwa jina lililotajwa, liweke kwenye /lib/firmware, chomoa tyuna na uichomeke tena. Ukiona folda /dev/dvb/adapter0 imejitokeza, kompyuta imeitambua.

Kwa macOS tyuna za USB zinazohudumiwa ni chache sana. Mwenye Mac ningemshauri aende moja kwa moja kwenye tyuna ya mtandao.

Hatua ya 5: Tyuna ngapi zinatosha?

Watu hudhani kurekodi chaneli mbili kwa wakati mmoja lazima tyuna mbili. Inategemea. Matangazo ya dijitali husafiri kwa mafungu: chaneli kadhaa, pengine kumi au zaidi, hupakiwa kwenye mkondo mmoja wa masafa unaoitwa multipleksi. Tyuna moja inashika multipleksi moja kwa wakati, lakini ndani yake inaona chaneli zote. Programu nzuri inaweza kurekodi tatu na kuonyesha ya nne kwa tyuna hiyohiyo moja, mradi zote zimo kwenye fungu moja.

Chukua ile orodha ya masafa uliyoandika katika hatua ya 1, upange chaneli mnazopenda kutazama chini ya kila masafa. Kama zote ziko kwenye fungu moja, tyuna moja inatosha. Kama zimegawanyika mafungu mawili, na nyumbani kuna mpenda mpira na mpenda tamthilia, nunua yenye tyuna mbili.

Hatua ya 6: Kompyuta yenyewe inaweza?

Kupokea mawimbi hakuichoshi kompyuta. Kinachoichosha ni kufungua picha iliyobanwa. Picha za MPEG-2 na H.264 zinachezwa na karibu kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita. H.265, inayotumika kwa mfano Ujerumani kwenye DVB-T2, ni nzito; bila msaada wa kadi ya picha, kompyuta dhaifu itaunguruma feni na picha itaruka. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7 zina sehemu maalumu ya kufungua H.265 hadi ya biti 10, na ikiwashwa kwenye programu, kazi inakuwa nyepesi.

Ukiona mistari kama meno ya chanuo pembezoni mwa mchezaji anayekimbia, hiyo ni picha ya 1080i inayotumwa nusunusu. Tyuna haina kosa. Kwenye VLC bonyeza herufi d, mistari itaondoka.

Hatua ya 7: Antena, ambayo hakuna tyuna inayoweza kuziba nafasi yake

Kale kaantena kafupi kenye sumaku kanakokuja kwenye boksi kanafaa kama mnara uko karibu na hakuna kizuizi. Kafanyie haki: kasimamishe juu ya bati au mfuniko mpana wa chuma, kwa sababu kanahitaji chuma chini yake ili kafanye kazi ilivyokusudiwa. Kwa masafa ya megahezi 600, robo ya wimbi ni sentimita 12.5, hivyo kama kanavutika, usikavute hadi mwisho ukidhani urefu zaidi ni bora.

Kwa wengine wote, antena ya nje ya UHF ni uwekezaji bora kuliko tyuna ya bei kubwa. Angalia antena za majirani zinaelekea wapi, na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Mkao huo unafuata mnara, nawe uufuate.

Waya uwe wa omu 75. RG-6 ya mita 30 hupoteza kama desibeli 5 hadi 6 kwenye UHF, kwa hiyo busta (kikuza mawimbi), kama inahitajika, inakaa juu karibu na antena, kabla waya haujala mawimbi. Ukiiweka chini karibu na kompyuta inakuza na kelele zilizokwisha kuingia. Na ukiwa karibu na mnara usiiweke kabisa. Mawimbi makali kupita kiasi yanaizidi tyuna, na dalili zake zinafanana na za mawimbi hafifu.

Unapofunga kichwa cha waya, inama uangalie kwa karibu. Unyuzi mmoja tu wa ile suka ya nje ukigusa waya wa kati, mawimbi yote yamekwisha, na utatafuta kosa kwenye draiva siku nzima. Hakikisha pia kichwa kinaingia: tyuna ndogo nyingi zina tundu dogo la MCX, wakati waya wa dishi una kichwa cha F cha kuzungusha. Kichwa cha kubadilishia kinapatikana, ila ujue unahitaji kipi.

Hatua ya 8: Programu, kuskani na kurekodi

Kwa Windows, NextPVR na DVBViewer ni pa kuanzia. Kwa Linux mimi natumia Tvheadend: unaifungua kwenye kivinjari kupitia poti 9981, unaipa masafa, nayo inasambaza chaneli kwa kila kifaa chenye programu ya kutazamia iitwayo Kodi. Ukiwa unataka kutazama tu bila kurekodi, VLC inatosha.

Usiiache programu iskani gizani. Ingiza masafa na upana wa mkondo uliouandika. Programu nyingi zitakuonyesha namba mbili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Ya kuifuata ni ubora, inayoandikwa pia kama SNR (uwiano wa mawimbi na kelele) kwa desibeli. Nguvu inaweza kuwa juu huku ubora uko chini, na picha ikakatika. Zungusha antena polepole, kidogo tu, kisha subiri sekunde tano namba itulie kabla ya kuzungusha tena. Dijitali haififii taratibu kama analojia ilivyokuwa. Inaonyesha picha safi hadi inapofika ukingoni, kisha inaanguka yote. Kwa hiyo usiridhike na "inaonekana". Tafuta mkao unaokupa akiba ya desibeli kadhaa kwa ajili ya siku ya mvua.

Kuhusu nafasi: chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde inakula megabaiti 1 kila sekunde, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. Kama diski yako ya nje au flashi imefomatiwa kwa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, na kurekodi kutakoma kwenye dakika ya 71 hivi. Kwa mechi, hiyo ni kama dakika ya kumi na moja ya kipindi cha pili. Fomati kwa exFAT au NTFS kabla, baada ya kuhamisha vilivyomo. Panga kurekodi kuanze dakika tano kabla na kuishe nusu saa baada, maana ratiba hazifuatwi kwa sekunde, kisha zima mpangilio wa kompyuta kulala yenyewe kama programu yako haina uwezo wa kuiamsha.

Na chaneli iliyokuwa ikionekana vizuri ikipotea ghafla pamoja na wenzake wa fungu moja, huku mafungu mengine yakionekana, usipande paani bado. Vituo huhamishwa masafa mara kwa mara. Skani upya kwanza.